Kupanda Mlima Juani Katika Mbio za Kupokezana

Watu wengi wakisikia habari za mbio za kupokezana, huwaza mara moja juu ya vijana wanne katika kiwanja cha michezo, kila mmoja akikimbia mita mia moja au mia nne na kumpa mwenziwe kijiti. Lakini ziko mbio za kupokezana za namna nyingine, ambazo hazikimbiwi kiwanjani bali barabarani, kupitia mijini, mashambani na milimani, nazo huchukua saa nyingi, na pengine siku mbili. Katika mbio hizo kila mtu hupewa zamu yake ya kilomita kadha wa kadha, naye huikimbia peke yake, mpaka afike kwenye kituo anapongojewa na mwenziwe.

Zamu hizo hazilingani. Nyingine ni za tambarare na hukimbiwa asubuhi penye ubaridi; nyingine hupanda mlima saa ya jua kali. Habari hizi zaeleza jinsi zamu ya namna hii ya pili inavyokimbiwa, kwa nini huwashinda hata watu wenye mbio sana, na ni mambo gani ambayo mkimbiaji, mwalimu na wenzake hawana budi kuyajua ili mtu asipate madhara.

MBIO HIZI ZILIKOANZA

Nchi ya Japani ndiyo iliyozipa mbio hizi umaarufu wake wa kwanza. Zamani wajumbe wa Japani walisafiri kwa farasi kutoka kituo hata kituo, na katika kila kituo walimkuta farasi mwingine aliyekwisha pumzika. Mwaka 1917 gazeti moja la nchi hiyo liliandaa mbio za watu kwa kufuata njia ya zamani ya wajumbe, kutoka mji wa Kyoto mpaka Tokyo, mwendo wa kilomita 500 na zaidi kidogo. Njia iligawanywa katika zamu 23, na mbio zilichukua siku tatu. Mbio za namna hiyo zikaitwa ekiden, jina lililoundwa kwa maneno mawili yenye maana ya kituo na kupeleka.

Miaka mitatu baadaye, yaani mwaka 1920, zilianzishwa mbio za Hakone, ambazo mpaka leo hukimbiwa na wanafunzi wa vyuo vikuu tarehe 2 na 3 Januari. Timu moja ina wakimbiaji kumi. Watano hukimbia siku ya kwanza kutoka Tokyo mpaka kwenye ziwa la Ashi huko milimani Hakone, na watano wengine hurudi Tokyo siku ya pili. Mwendo wote, kwenda na kurudi, ni kilomita 217 hivi.

Wajapani hawapokezani kijiti bali utepe wa kitambaa, ambao mkimbiaji huuvaa begani ukakingama kifuani. Utepe ule una rangi za chuo, nao hulowa jasho la kila aliyetangulia. Sheria zake ni kali. Mkimbiaji akishindwa njiani, au kocha wake akimgusa ili kumsaidia, timu yote huandikwa kuwa haikumaliza. Wenzake waliosalia huweza kukimbia zamu zao, lakini muda wao hauhesabiwi rasmi. Na timu ikichelewa kupita dakika zilizowekwa, mkimbiaji anayengoja huamriwa kuondoka bila utepe wa timu yake kumfikia. Kwa hiyo mtu mmoja akiharibu zamu yake, ameharibu kazi ya watu kumi.

Zamu inayosemwa zaidi ni ya tano, ile ya kupanda. Urefu wake siku hizi ni kilomita 20 na kitu, na mkimbiaji huanza karibu na usawa wa bahari akapanda mpaka mahali penye kimo cha zaidi ya mita 870. Mwaka 2009 mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Toyo, Ryuji Kashiwabara, aliupokea utepe timu yake ikiwa ya tisa, karibu dakika tano nyuma ya timu ya mbele. Alipofika ziwani alikuwa amekwisha wapita wote wanane. Katika zamu ya tambarare wakimbiaji hodari huachana kwa sekunde. Mlimani huachana kwa dakika.

MBIO ZA AGOSTI HUKO MAREKANI

Mbio za Hakone hukimbiwa wakati wa baridi. Lakini huko Marekani, katika jimbo la Oregon, ziko mbio za kupokezana ambazo hukimbiwa mwisho wa mwezi wa Agosti, wakati wa kiangazi. Huitwa Hood to Coast, kwa maana huanza katika mlima Hood na kuishia pwani ya bahari ya Pasifiki. Zilianzishwa na Bwana Bob Foote mwaka 1982, zikiwa na timu nane tu. Katika miaka ya karibuni timu zimezidi elfu moja, na wengi wa wakimbiaji si mabingwa bali ni wafanyakazi, waalimu, wanafunzi na wazee.

Mahali pa kuanzia pana kimo cha futi 6,000 hivi, na mwendo wote ni karibu maili 200. Njia imegawanywa katika zamu 36. Timu huwa na watu wasiozidi kumi na wawili, na timu iliyotimia humpa kila mtu zamu tatu. Wakimbiaji hugawanyika katika magari mawili: watu sita wa gari la kwanza hukimbia mmoja baada ya mmoja, na wale wa gari la pili wakitangulia mbele kupumzika, kisha hubadilishana. Mambo huenda hivyo mchana na usiku bila kusimama. Usiku kila mkimbiaji huvaa taa na fulana yenye kung'aa ili madereva wamwone.

Ugumu wa mbio hizi si urefu wa zamu moja, kwa maana zamu nyingi hazifiki maili nane. Ugumu ni kwamba mtu hukimbia, akaketi garini kwa saa kadha, akala kidogo, akalala kidogo au asilale kabisa, kisha akaitwa tena. Yule aliyekimbia zamu ya kwanza alasiri katika joto, juu ya lami nyeusi inayorudisha moto wa jua miguuni, hawezi kuitupa nguvu yake yote pale, kwa sababu bado zamu mbili zinamngoja, na pengine mojawapo ni ya kupanda vilima vilivyo kati ya bonde na bahari. Watu wengi hulisahau jambo hili katika zamu ya kwanza, wakalikumbuka katika ya tatu.

KWA NINI JOTO HUMSHINDA MKIMBIAJI

Mwili wa mwanadamu ukifanya kazi ni kama injini. Katika nguvu yote inayotoka katika chakula, sehemu ndogo tu, yapata moja katika nne au tano, huwa mwendo. Zilizobaki zote hugeuka kuwa joto ndani ya mwili, na joto hilo halina budi kutolewa nje, la sivyo mwili utaungua wenyewe kwa wenyewe. Mwili wenye afya hukaa karibu na digrii 37 za sentigredi. Mtu akikimbia sana hupanda mpaka 38 au 39 bila shida. Akipita 40 huwa amekaribia hatari.

Hewa ikiwa ya baridi, joto la mwili hutoka lenyewe. Lakini hewa ikiwa na joto lililokaribia lile la ngozi, njia kubwa inayobaki ni moja tu, nayo ni jasho. Hapa watu wengi hukosea. Hudhani kwamba jasho likitiririka sana basi mwili unapoa. Sivyo. Jasho linalodondoka chini halikufanya kazi yoyote isipokuwa kuupunguzia mwili maji. Jasho hupoza pale linapokauka juu ya ngozi, kama vile mtungi wa udongo unavyoyapoza maji ya kunywa kwa sababu maji kidogo hupenya nje na kukauka kwa upepo. Mtungi huo ukifunikwa kwa karatasi ya nailoni, maji hayatapoa. Ndiyo sababu siku yenye unyevunyevu mwingi hewani, kama siku nyingi za Mombasa, huweza kumwangusha mkimbiaji kuliko siku yenye jua kali zaidi lakini kavu.

Jambo la pili ni damu. Mkimbiaji ahitaji damu iende kwenye misuli ya miguu ili ipeleke hewa safi, na wakati huohuo ahitaji damu iende kwenye ngozi ili itoe joto. Moyo ni mmoja na damu ni ileile. Ni kama mfereji mmoja unaonywesha mashamba mawili: ukifungulia huku, kule maji hupungua. Tena kadiri mtu anavyotoka jasho, maji ya mfereji wenyewe yanapungua, na moyo hulazimika kupiga upesi zaidi kwa kazi ileile. Kwa hiyo mtu anayekimbia polepole zaidi katika joto si mvivu. Mwili wake umefanya hesabu yake, na mwenye akili huikubali hesabu hiyo mapema, kabla ya kulazimishwa.

Hayo yalionekana wazi katika mbio ndefu za marathoni za Michezo ya Olimpiki mjini Stockholm, Sweden, tarehe 14 Julai 1912. Siku ile joto lilipita digrii 30. Wakimbiaji 68 waliondoka, na nusu yao hivi ndio waliofika. Mreno mmoja, kijana Francisco Lázaro, alianguka njiani akafa siku ya pili yake. Inasimuliwa kwamba alikuwa amejipaka nta mwilini ajikinge na jua. Kama ni hivyo, alikuwa ameuziba mtungi wake mwenyewe.

Miongoni mwa walioshindwa siku ile alikuwamo Mjapani kijana, Shizo Kanakuri. Joto lilimlemea, akaingia katika bustani ya watu waliokuwa kando ya njia, wakampokea na kumpa kinywaji. Hakurudi barabarani, wala hakuwapa waamuzi habari. Bwana Kanakuri huyo ndiye aliyekuwa mwanzilishi mkuu wa mbio za Hakone mwaka 1920, akitaka vijana wa nchi yake wapate mazoezi ya safari ndefu na milima. Mwaka 1967 Waswidi walimwalika tena Stockholm, naye akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70 akakimbia hatua za mwisho na kuzimaliza mbio zake. Muda wake ulitangazwa kuwa miaka 54, miezi 8, siku 6, saa 5, dakika 32 na sekunde 20. Watu walicheka na kupiga makofi. Lakini kama angelazimisha kwenda mbele siku ile ya 1912, huenda asingekuwako mtu wa kualikwa.

MLIMA HUONGEZA NINI

Mtu akikimbia tambarare huusukuma mwili wake mbele. Akipanda, huusukuma mbele na kuuinua pia. Mtu wa kilo 60 apandaye mlima wa kimo cha mita 300 ameinua mzigo wa kilo 60 mpaka kimo hicho, mzigo wenyewe ukiwa ni yeye. Kazi hiyo haiwezi kukopwa wala kudanganywa.

Lipo jambo jingine ambalo wachache hulifikiri. Apandaye huenda polepole, na kwa hiyo upepo unaompiga mwilini ni mdogo. Misuli yake inatoa joto lilelile, au zaidi, lakini jasho lake linakauka kwa shida, hasa upepo ukiwa unamfuata kwa nyuma. Hivyo mlima na jua si adui wawili wanaokuja kila mmoja kwa wakati wake. Wakikutana, kila mmoja humtia mwenziwe nguvu.

Kisha kuna kuteremka. Waswahili husema, kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Mkimbiaji aliyefika kileleni huiona njia imelala mbele yake, akafurahi, akaziachia hatua zake. Lakini katika kuteremka misuli ya mapaja hufanya kazi ya breki: inavutwa huku ikijikaza, na kazi hiyo huichana kidogo kidogo ndani. Maumivu hayaji papo hapo. Huja baada ya saa kadha, na kuzidi siku ya pili. Katika mbio kama zile za Oregon, ambazo huanza kwa mteremko mkali wa mlima Hood, wengi huchechemea katika zamu yao ya pili kwa sababu ya furaha ya zamu ya kwanza.

MATAYARISHO

Mwili huweza kufundishwa kustahimili joto. Mtu akifanya mazoezi kidogo kidogo mahali penye joto kila siku kwa muda wa siku kumi mpaka kumi na nne, mwili hubadilika. Huanza kutoa jasho mapema, hutoa jasho jingi zaidi lenye chumvi kidogo, maji ya damu huongezeka, na moyo hupiga polepole kuliko mwanzo kwa kazi ileile. Mabadiliko hayo hayadumu. Akikaa majuma machache bila joto, mengi yake hupotea.

Kwa sababu hiyo mkimbiaji wa nchi za juu asijidanganye. Anayefanya mazoezi Iten, Kapsabet au Nyahururu ana faida kubwa ya mapafu na damu, lakini hewa ya huko ni ya baridi, na ubaridi haufundishi kustahimili joto. Wakimbiaji wa sehemu za Iten na Eldoret wana barabara moja inayowapa mafunzo yote mawili, nayo ni ile ipandayo kutoka Bonde la Kerio upande wa Fluorspar, mwendo wa kilomita 20 hivi. Chini bondeni ni joto, juu ni baridi, na katikati ni kupanda tu. Hapo mtu hujifunza kwa miguu yake mambo ambayo kocha angeyaeleza kwa siku nyingi bila kueleweka.

Mazoezi ya kupanda yafanywe mara moja au mbili kwa juma, si kila siku. Na mazoezi ya kuteremka yasisahauliwe. Misuli iliyozoeshwa kuteremka kwa kiasi huumia kidogo tu siku ya mbio.

SIKU YENYEWE

Kabla ya zamu, mkimbiaji akae kivulini. Asijitie joto kwa kukimbiakimbia kwa muda mrefu kama afanyavyo siku ya baridi. Jua limekwisha mfanyia kazi hiyo. Avae nguo nyepesi, iliyolegea, ya rangi nyeupe au inayokaribia nyeupe. Akiweza kupata maji baridi au barafu, aweke kitambaa chenye maji shingoni mpaka dakika ya mwisho.

Maji ya kunywa yanywewe kidogo kidogo tangu asubuhi. Njia rahisi ya kujua mwili hupoteza kiasi gani ni kujipima uzito kabla na baada ya mazoezi: kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya maji iliyotoka. Lakini isidhaniwe kwamba maji mengi zaidi ni bora zaidi. Mtu akinywa kupita kiasi kwa saa nyingi, chumvi ya damu hupungua, kichwa kikauma, akatapika, na watu wamewahi kufa kwa namna hiyo. Kiu ndiyo kiongozi mzuri kwa watu wengi, na katika safari ya siku nzima maji yafuatane na chakula chenye chumvi kidogo.

Akikwisha kupokea utepe au kijiti, hapo ndipo penye jaribu kubwa. Watu wanapiga kelele, mwenziwe amefika akitweta, na mbele yuko mtu wa timu nyingine anayeonekana. Miguu ni mipya na moyo umejaa. Mkimbiaji asiye na maarifa huiendea kilomita ya kwanza kama kwamba ndiyo ya mwisho. Mwenye maarifa huianza zamu ya mlimani kwa mwendo anaouona kuwa ni wa polepole mno. Nguvu iliyotumiwa chini ya mlima hairudi. Nguvu iliyotunzwa hutumika juu, mahali ambapo wengine wamekwisha kuanza kutembea.

Mlimani saa ya mkononi haifai sana, kwa kuwa kila kipande kina mwinuko wake. Kipimo bora ni pumzi. Akiweza kusema maneno matatu au manne bila kukatika, mwendo wake unafaa. Akishindwa kusema hata moja na bado kilele hakionekani, apunguze mara moja. Hatua ziwe fupi na za haraka, mwili uiname kidogo kutoka vifundoni wala si kiunoni, mikono ifanye kazi, na macho yatazame mita chache mbele badala ya kileleni. Penye mwinuko mkali sana si aibu kutembea kwa hatua ndefu na za nguvu. Mara nyingi atembeaye hivyo hupitwa kidogo tu na akimbiaye, naye hufika juu akiwa na pumzi.

Maji ayapatayo njiani ayagawe: kiasi cha kunywa, na kiasi cha kumwaga kichwani, shingoni na mikononi. Maji yaliyomwagwa juu ya ngozi hufanya kazi ya jasho bila kuupunguzia mwili chochote. Akimbie upande wenye kivuli ikiwa sheria za barabara zaruhusu. Akifika kileleni asifyatuke kama mshale. Aiache pumzi itulie kwanza, kisha ateremke kwa hatua nyepesi na fupi, bila kujifunga breki na bila kujiachia kabisa.

Nusu kilomita kabla ya kituo, autayarishe utepe mkononi na kuongeza mwendo kwa nguvu aliyoiweka akiba. Kupokezana kubaya huweza kupoteza sekunde zilizonunuliwa kwa jasho la saa nzima.

DALILI ZA HATARI

Wenzake na mwalimu wazijue dalili zifuatazo. Mkimbiaji akiyumba, akijibu maneno yasiyo na maana, akikasirika bila sababu, akiona baridi katikati ya jua, au akisahau mahali alipo, asiachwe aendelee hata kama mwenyewe anasema kwamba ni mzima. Ubongo uliopata joto kupita kiasi haujui kwamba umepata joto, na mgonjwa wa namna hii mara nyingi husihi aachwe akimbie. Wapo wanaoacha kutoka jasho, lakini wengi wa wakimbiaji wanaougua huwa bado wamelowa. Kwa hiyo mtu asingoje ngozi ikauke ndipo aamini.

Matibabu ya kwanza ni kumpoza, na kumpoza hakungoji. Apelekwe kivulini, avuliwe nguo za ziada, atiwe katika pipa au karai kubwa la maji baridi mpaka shingoni, mtu mmoja akimshika kichwa kisizame. Kama hakuna pipa, amwagiwe maji mwili mzima bila kukoma na kupepewa kwa nguvu. Wakati huohuo mtu mwingine aite gari la hospitali. Kanuni ya waganga wa michezo ni kupoza kwanza na kusafirisha baadaye, kwa kuwa nusu saa ya kwanza ndiyo inayoamua mambo. Asiyekuwa na fahamu asinyweshwe kitu.

WAKENYA KATIKA MBIO HIZI

Kwa Kenya habari hizi si za mbali. Mwaka 1989 wanafunzi wawili Wakenya wa Chuo Kikuu cha Yamanashi Gakuin, Joseph Otwori na Kennedy Isena, walikuwa Wakenya wa kwanza kukimbia mbio za Hakone. Otwori alipewa zamu ya pili, ambayo hupewa mashujaa wa timu. Zamu hiyo ina kilima kiitwacho Gontenzaka baada ya nusu ya njia, na kilomita tatu za mwisho hupandapanda tena. Aliyetumia kila kitu Gontenzaka hulia katika kilomita hizo tatu. Mwaka 1992 chuo hicho kilishinda mbio za Hakone kwa mara ya kwanza, na tangu hapo vijana wengi wa Kenya wamesoma na kukimbia Japani.

Mmoja wao alikuwa marehemu Samuel Wanjiru wa Nyahururu, aliyekwenda Japani mwaka 2002 akiwa kijana wa shule na kukimbia ekiden za shule ya Sendai Ikuei. Asubuhi ya tarehe 24 Agosti 2008, katika Michezo ya Olimpiki ya Beijing, jua likizidi kupanda, Wanjiru alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32. Akawa Mkenya wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki. Watu walishangaa kuona kwamba wa mbele hawakuogopa joto tangu mwanzo. Lakini mtu asidhani kwamba ushindi ule ulikuwa wa ujasiri mtupu. Alikuwa amekwisha kukimbia miaka mingi nje ya nchi, katika kiangazi cha Japani ambacho kina joto na unyevunyevu, naye alijua kwa hakika mwili wake waweza nini. Kijana anayemwiga mwendo wake bila kuyaiga mazoezi yake anajitafutia msiba.

Shule, vyama vya vijana na vikosi vinavyotaka kuandaa mbio za kupokezana barabarani vinaweza kuyatumia mafunzo haya bila gharama kubwa. Zamu ya mlima ipangwe asubuhi mapema ikiwezekana. Maji yawekwe chini, katikati na juu ya mlima. Kila kituo kiwe na pipa la maji baridi na mtu mzima anayejua dalili za hatari. Na zamu hiyo asipewe mwenye mbio kuliko wote kwa sababu ya mbio zake tu. Apewe yule anayejulikana kwa utulivu na kwa kuyashika mashauri.

Utepe ule wa Hakone ni kitu chepesi sana, lakini si mali ya anayeuvaa. Ni amana aliyopewa na waliomtangulia ili awafikishie wanaomngoja. Kazi ya mkimbiaji wa mlimani si kuonekana shujaa chini ya mlima, bali kufika juu akiwa mzima na kuikabidhi.